Mlango wa Sitini na Mbili

Karatasi yao inasema palikuwa na nyasi. Nimeisoma mara nyingi hadi naweza kuisema nikioga: "Eneo lilikuwa wazi, lenye nyasi fupi, bila makazi ya kudumu wala ya muda." Iliandikwa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka, akanywa chai ya maziwa, akatia sahihi. Mtu huyo hakuwahi kuona foleni ya maji Kwa Ndete alfajiri, kwa hivyo hakujua kwamba nyasi hazipangi foleni, wala haziitani majina.

Nasema Kwa Ndete kwetu, ingawa sikulala huko hata siku moja. Nilikuwa na chumba Kaloleni, cha mawe, na bado ninacho. Kwa Ndete nilikuwa mtu wa mikutano, mtu wa kipaza sauti. Kijiji kilikuwa mstari mmoja tu: ua wa reli upande huu, milango upande ule, na katikati njia ya matope ambayo watu wawili wenye mitungi walipishana kwa kugeuka ubavu. Mwanzo wa mstari palikuwa na bomba, mwisho wake daraja la reli. Milango ilikuwa mia moja na kumi na minane. Tuliijua idadi kwa sababu zamu ya kufagia bombani ilizunguka mlango kwa mlango, na ilichukua siku mia moja na kumi na nane kurudi kwa aliyeanza.

Namba hazikuwepo. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, alikuambia anabadilisha mkono mara ngapi. Mtungi wa lita ishirini unakata vidole. Unatembea nao, unautua, unauhamishia mkono wa pili. Wa karibu na bomba hakubadilisha. Wa kanisani alibadilisha mara tatu. Wa darajani mara saba. Msichana akiolewa, mama yake aliuliza kwanza, "Ni mikono mingapi huko?" ndipo akauliza mwanamume anafanya kazi gani.

Mwezi wa tano, mwaka wa tisini na moja, yalikuja matingatinga mawili. Mimi nilishikwa pale bombani saa moja asubuhi, hayajaanza, nikatupwa nyuma ya lori kama gunia. Nilikaa ndani miezi minane. Nilipotoka, mstari haukuwepo, na watu walikuwa wametawanyika Kariobangi, Dandora, Korogocho, wengine Ukambani. Tangu siku hiyo nilianza kuwatafuta, mlango kwa mlango. Watu husema nina kumbukumbu mbaya, maana sisahau. Naweza kukuambia nani alipanda lori gani siku ile, na nani aliyejifanya hatujui alipokutana nasi baadaye akiwa na tai shingoni.

Ilichukua miaka saba kupata hakimu wa kutusikiliza. Wakili wetu akaweka jambo wazi: kama tungethibitisha kwamba watu waliishi pale, mstari mzima, familia zile zingepata haki ya viwanja vingine. Kama tungeshindwa, karatasi ya nyasi ingesimama milele. Alitaka orodha ya kila mlango kwa nafasi yake, na jirani wa kila upande. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti, mwaka wa tisini na nane.

"Na pasiwe na pengo," alisema Phares, karani wake, kijana mwembamba wa maneno machache. "Wenzetu wa upande wa pili wanadai bomba la majitaka lilipita chini ya eneo hilo. Wakiona pengo katikati ya mstari watasema ndilo hapo, hifadhi ya bomba, ardhi isiyoruhusiwa kujengwa. Na kama hifadhi ilikuwepo, nyote mlikuwa wavamizi. Pengo moja tu, mzee, na kesi imekwisha."

Parokia ya Kariobangi ilikuwa imenunua kompyuta mpya ikatupatia ile kuukuu, pamoja na chumba kidogo kando ya ukumbi, ukuta kwa ukuta na karakana ya jua kali ambako mafundi waligonga mabati tangu asubuhi hadi jioni. Nilinunua kitabu cha programu ya data Gikomba, hakina jalada, kurasa kumi na mbili za kwanza zimechanika. Nilikisoma nikiwa na kamusi. Shule niliacha darasa la sita, na sijaona kitu kilichoandikwa na binadamu ambacho binadamu mwingine hawezi kukisoma akikasirika vya kutosha.

Nilitengeneza jedwali, kisha fomu ya kuingizia habari: jina, idadi ya watu nyumbani, jirani wa huku, jirani wa kule. Ugumu ulikuwa ile nafasi. Ukimuuliza mwanamke wa miaka sabini, "Nyumba yako ilikuwa ya ngapi?" anaona unamfanyia mtihani, anakunja kanga yake na kunyamaza. Ndipo nikaona kwenye kitabu picha ya slaida: mstari mlalo wenye kidude unachokisukuma kwa mausi, kushoto kidogo, kulia zaidi. Nikacheka peke yangu. Kwa Ndete ilikuwa slaida. Nikaipachika kwenye fomu, kushoto nikaandika BOMBA, kulia DARAJA, katikati KANISA, nikaipa kuanzia moja hadi mia moja na kumi na nane.

Aliyekuwa akichapa ni Lenah, binti wa Donholm aliyesomea uchapaji, anayekuja saa nane mchana akitoka kazini. Siku ya kwanza aliingiza watu tisa. Siku ya pili akaniita.

"Mzee Wathome, hii slaida yako haikumbuki kitu."

"Vipi?"

"Angalia. Huyu ni baba wa darajani, nimemweka mwisho kabisa. Sasa nikienda kwa mtu wa pili, slaida iko hapo hapo mwisho. Wa tatu, hapo hapo. Wote wanaishi kwa huyo baba."

Kweli. Kidude kilikuwa kimebaki pale alipokiacha mtu wa mwisho, na chini ya jedwali hakuna hata namba moja iliyoandikwa. Watu tisa walikuja kwa miguu, wakasukuma, wakasema "hapa", na mashine haikushika hata mmoja. Nilikasirika kana kwamba nimeona tena ile karatasi ya nyasi. Siku mbili nilikaa na kitabu. Kumbe slaida ina orodha yake ya sifa, na ndani yake mstari mmoja unaouliza chanzo: kitu hiki kinasoma wapi na kuandika wapi? Mstari huo ulikuwa mtupu. Ilikuwa picha tu, imening'inia hewani. Nikachagua hapo jina la safu ya jedwali, NAFASI, nikahifadhi. Nikasukuma kidude hadi arobaini, nikaenda kwa mtu mwingine, nikarudi. Kilikuwa kwenye arobaini, kinaningoja.

"Sasa imefungwa," nilimwambia Lenah. "Inachoandika ndicho inachosoma."

Watu wakaja. Niliwapanga kwenye benchi la ukumbini na kuwaita mmoja mmoja, ili asisikie mwenzake amesema nini. Wazee walishika mausi kama wanashika kifaranga. Walisukuma huku wakihesabu kwa midomo, "mkono wa kwanza, wa pili," kisha wakasema, "Hapa." Na namba zilikuwa zinakubaliana. Aliyesema jirani yake ni fulani alikaa kwenye kumi na tano, na yule fulani, siku nyingine, bila kuambiwa, akakaa kwenye kumi na sita. Hawakukosea hata namba moja. Watu hawana mikono ya namna hiyo. Mimi mwenyewe nilijaribu kusimamisha kidude kwenye namba ninayoitaka nikashindwa mara tatu kati ya nne.

"Unajua inaniogopesha kidogo," alisema Lenah.

"Kinachokuogopesha ni nini? Watu kujua nyumbani kwao?"

"Si watu. Ni hiyo kitu. Ni kama inawangoja."

Jumatatu ya wiki ya mwisho alikuja Okumu. Aliwahi kuwa dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye utani. "Niletee hiyo panya nione kama ina breki," alisema, akakaa. Akahesabu mikono, akasukuma, akaachia. Sitini na moja.

"Jirani wako upande wa bomba?"

Akamtaja. Tulikuwa naye kwenye sitini.

"Na upande wa daraja?"

Okumu alipangusa kiganja chake kwenye suruali. "Mbinya."

"Mlikuwa mmepakana?"

"Bati moja. Akikohoa mimi nasema pole."

Mama Mbinya alikuja kesho yake. Mama wa watu, mfupi, mkavu, aliyenilisha wiki tatu nilipotoka ndani. Aliweka kidole chake juu ya changu tukasukuma pamoja. Alisema jirani yake upande wa bomba alikuwa Okumu. Alisema hapa. Nikatazama. Sitini na tatu.

"Mama, umeruka mmoja. Okumu yuko sitini na moja."

"Basi irudishe."

Nikairudisha hadi sitini na mbili, nikaachia. Kidude kikasogea chenyewe, taratibu, hatua moja kulia. Sitini na tatu. Nikairudisha tena. Kikasogea tena. Lenah aliinua mausi akaipindua, akatoa kile kijigololi, akakisugua kwa kanga, akakirudisha. Akajaribu yeye. Sitini na tatu.

Nikamwita Okumu arudi jioni ile. Nikamwambia asogeze yeye. Alisogeza hadi sitini na mbili, akaachia, na kidude kikarudi kushoto, kwenye sitini na moja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Okumu hakutania tena. Alimtazama Mama Mbinya aliyekuwa bado amekaa kwenye benchi, naye akatazama sakafu.

"Labda palikuwa na mpangaji wa muda," nilisema. "Mtu aliyekuja akaondoka."

"Labda," alisema Okumu.

"Ulisema bati moja."

"Wathome, ni miaka saba. Labda."

Waliondoka pamoja bila kuagana nami. Nilikaa nikapitisha mstari mzima kichwani, bomba hadi daraja, mlango kwa mlango, majina, watoto, nani alifuga kuku, nani alipika chang'aa. Nilipofika kwa Okumu niliona mlango wake wa rangi ya samawati. Kisha niliona kigoda cha Mama Mbinya. Katikati hapakuwa na kitu, lakini hapakuwa kama pengo. Ilikuwa kama pale unapopeleka ulimi mahali jino lilipotoka.

Jumatano asubuhi nilifungua kompyuta mapema kabla Lenah hajafika. Tulikuwa tumeingiza milango mia moja na kumi na saba. Nilihesabu mwenyewe usiku uliopita kwenye daftari. Chini ya fomu mashine ilisema rekodi ni mia moja na kumi na nane. Nikaenda kwenye ya mwisho. Jina, tupu. Majirani, tupu. Slaida ilikuwa imesimama kwenye sitini na mbili.

Nikaifuta. Mashine ikauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Nikaenda msalani, nikarudi, nikaketi. Mia moja na kumi na nane. Sitini na mbili.

Lenah alipokuja alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Ukigusa slaida kwenye fomu tupu, inajiandika," alisema. "Kwa sababu uliifunga kwa jedwali. Hata ukigusa na bahati mbaya."

"Hakuna aliyegusa."

"Najua. Nakuambia tu kile ningemwambia mtu mwingine." Akasogea akainama. "Na hii ni wewe umeweka?"

Kwenye kisanduku cha idadi ya watu nyumbani, ambacho saa moja iliyopita kilikuwa kitupu, palikuwa na nne.

Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakigonga mabati. Nikatambua kwamba nilikuwa nikisikiliza kwa makini, kama mtu anayejaribu kusikia kitu kingine chini ya zile nyundo. Lenah alihamishia kiti chake upande wa mlango na siku ile hakukirudisha.

Alasiri nilimpigia Phares simu nikitumia kibanda cha barabarani, nikamwambia pengo lipo. Nikaongeza sarafu nyingine.

"Majirani wawili wakisema palikuwa na nyumba, haitoshi?" niliuliza.

"Majirani wanadai viwanja. Watasema wamepanga. Hapo penye pengo nahitaji mtu asiyedai kitu. Mtu wa nje, aliyefika kwenye mlango huo, akaongea na mwenye nyumba, aweze kuapa. Unaye?"

"Nitampata."

"Kufikia Ijumaa saa sita, mzee. Kama hayupo, ni heri tungekuwa tumepumzika tu."

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Mbinya. Alikuwa ameketi nje ya chumba chake, pale pale Kariobangi, anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliniona nikija tangu mbali na hakuinuka.

"Mama, nani alikaa kati yako na Okumu?"

"Unaniuliza mimi."

"Nakuuliza wewe. Kesi ya watu wote imesimama hapo. Watu mia moja na kumi na saba wamekuja kwa miguu. Kama mlikuwa na ugomvi na mtu huyo, au alikuwa mwizi, sijali. Nipe jina."

Alichambua maharagwe kidogo. "Ulipotoka ndani ulikuja hapa," alisema. "Ulikuwa umekonda, meno haya mawili hayapo. Nilikupa chai. Ukaniuliza, 'Wote walitoka?' Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ukasema wote walitoka."

"Hapana. Nilikuambia hawakutoka wote. Nikakutajia. Okumu alikuwa hapa, na yule mwalimu wa kanisa. Ulitusikiliza, ukanywa chai, ukaweka kikombe chini, ukauliza, 'Wote walitoka?' Vile vile, kwa sauti ile ile. Nikakutajia mara ya pili. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Ukauliza mara ya tatu." Alitupa jiwe dogo kando. "Mara ya tatu Okumu akasema, wote walitoka. Ukalala pale sakafuni siku mbili. Ulipoamka ulikuwa unataka karatasi na kalamu uanze kutafuta watu. Tukaogopa. Tukasema, tukimrudishia hilo, atakaa chini na hatainuka, na sisi hatuna mwingine mwenye mdomo kama huu. Basi tukaacha kutaja. Mstari mzima. Hata watoto tuliwakataza."

"Miaka saba."

"Miaka saba. Hatukukuonea, mwanangu. Tulikuhitaji."

"Kwa nini hawakutoka?" niliuliza.

"Mama alikuwa amejifungua usiku wa kuamkia jana yake. Nani angemtoa nje, kwenye matope, na lile vumbi? Nilimpelekea uji asubuhi. Si kosa lako. Hao wangebaki hata kama hungekuwa na kipaza sauti. Sisi wengine tulikusikia ukisema nyumba yenye mtu haibomolewi, na bado tulitoka mbio tulipoona vile vyuma. Wao walibaki kwa sababu ya mtoto."

"Nipe jina, Mama."

"Nilikupa mara mbili," alisema. "Unalo."

Aliponiambia si kosa langu ningeweza kulichukua neno hilo na kwenda nalo nyumbani. Alikuwa amelitunza kwa ajili yangu miaka yote ile, limekunjwa vizuri. Lakini nilikuwa nikirudi ukumbini kando ya mafundi wa mabati, na mmoja alikuwa akinyoosha bati la paa lililokunjamana, pigo kwa pigo, na katikati ya pigo moja na la pili nikasikia mtu akisema, "Wathome, ngoja kidogo."

Ilikuwa alfajiri ile, kabla ya lori, kabla sijashikwa bombani. Nilikuwa napita njiani na kipaza sauti begani. Mlango ulikuwa wa mbao. Ulikuwa mlango pekee wa mbao katika mstari wote, umechongwa twiga wawili, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mchongaji na alisema hawezi kukaa nyuma ya bati kama debe. Nzivo. Nzivo wa vinyago, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitoka nusu, akauvuta mlango nyuma yake.

"Nimeazima mkokoteni," aliniambia. "Nataka nimtoe Syombua na mtoto kabla hawajafika. Nimpeleke kwa dada yangu Dandora."

Nami nikamwambia asifanye hivyo. Nayakumbuka maneno yote. Nilimwambia, mtoto wa siku moja, Nzivo, hakuna dereva atakayepitisha chuma juu ya mtoto wa siku moja. Nyumba yako ndiyo itakayowasimamisha. Iko katikati ya mstari. Ukimtoa, hatuna kitu. Aliniangalia, nikaona hataki, nikamshika bega. Nilimwambia mstari wote unamtegemea. Nyuma yake mtoto mchanga alikohoa, kikohozi kidogo kama cha paka. Mwanawe mkubwa, wa miaka sita hivi, alichungulia chini ya mkono wa baba. Kisha Nzivo akasema, "Sawa. Kama unasema," akaingia, na nikasikia komeo.

Sikumwambia Mama Mbinya. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Nzivo.

Lenah alikuwa bado yuko, koti limevaliwa, mlango wazi. "Sikutaka kuiacha peke yake," alisema, sikujua kama anamaanisha kompyuta.

Rekodi ilikuwa mbele yangu. Kidude kilikuwa kwenye sitini na mbili. Kisanduku cha watu, nne. Niliketi. Phares alitaka mtu wa nje aliyefika mlangoni, akaongea na mwenye nyumba, aweze kuapa. Mtu huyo alikuwa mmoja duniani, mimi, na kiapo chake kingekuwa hiki. Ningeweza kuandika nusu: nilifika, nilimsalimu, nilimwona mkewe. Kwa mahakama ingetosha. Nikaandika hivyo. Nikaandika Nzivo, Syombua, mtoto wa kiume jina silijui, mtoto mchanga wa siku moja. Nikaandika mistari mitatu ya salamu, nikahifadhi, nikaenda kwenye rekodi ya Mama Mbinya kuhakikisha majirani.

Slaida haikusogea. Kwa Mama Mbinya ilisimama kwenye sitini na mbili. Nikaenda kwa Okumu, sitini na mbili. Kwa wa bombani, kwa wa darajani. Sitini na mbili, wote.

"Imefunguka tena," Lenah alinong'ona. "Ile chanzo. Imetoka."

Nilifungua ile orodha ya sifa. Chanzo kilikuwa pale pale, NAFASI, hakuna herufi iliyopungua. Nikafungua jedwali lenyewe: safu nzima, kutoka juu hadi chini, namba moja tu. Mstari wote ulikuwa umeingia kwenye mlango mmoja.

Nilirudi kwenye rekodi ya Nzivo. Nikafuta salamu. Nikaandika yaliyosemwa, nani alisema, nilivyomshika bega, mkokoteni uliokuwa tayari. Niliandika kwamba alitaka kumtoa na mimi nikamzuia. Niliandika polepole kwa vidole viwili, na nilipomaliza nikaweka jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Nikahifadhi. Lenah alinyoosha shingo akasoma, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho alivuta kiti chake mbali nami, si kwa hasira, kama mtu anavyompisha mtu mwingine.

"Nenda kwenye rekodi ya Mama Mbinya," nilimwambia.

Akaenda. Sitini na tatu. Okumu, sitini na moja. Bomba, moja.

Alhamisi alasiri tulikutana ukumbini. Ilikuwa desturi yetu tangu mwanzo: hakuna karatasi inayokwenda kwa wakili kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wenyewe. Phares alikuwa amekuja kuichukua. Alikuwa ameshaupitia ukurasa ule, akaniambia mlangoni, bila kunitazama, kwamba utaisaidia kesi, na kwamba upande wa pili wakiupata kuna watu watakaotaka nishtakiwe mimi. Nikamwambia aketi.

Nikaanza kwa bomba. Nilitaja mlango, nikataja jina, mwenyewe akaitika, "Tulikuwepo." Lenah aliketi mezani akitia tiki kila alipopata jibu. Moja, mbili, tatu. Watu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Kufikia thelathini wengine walikuwa wanalia, wengine wanachekeana. Okumu alijibu kwa sauti ya kondakta.

Kisha nikasoma sitini na mbili. Nilisoma majina, nikasoma na yale mengine yote, hadi kwenye kitambulisho changu. Mafundi upande wa pili wa ukuta walikuwa wamenyamaza, sijui tangu lini. Niliona uso wa Okumu ukibadilika nilipofika pale pa mkokoteni, na niliona Mama Mbinya akigeuza kichwa taratibu kunitazama, kama mtu anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza nyumbani kwake.

Kalamu ya Lenah ilikwaruza karatasi. Alikuwa ametia tiki. Nilimtazama, alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja jina linalofuata, kama mtu aliyesikia alichopaswa kusikia. Nilitazama mabenchi. Sikuwa nimeona mdomo wowote ukifunguka.

Nilisimama na karatasi mkononi, kidole changu bado kwenye sitini na mbili.

"Endelea," alisema Mama Mbinya. "Sitini na tatu ni mimi."